Sifa za Mwenye Upondo

Mgeni wa mjini akifika Nyamisati, swali lake la kwanza huwa ni saa ya kuondoka. Mzee tuliyeelekezwa kwake alilijibu kwa swali: mwezi ni wa ngapi? Mwenzetu mmoja akasema ni wa nane. Mzee akatabasamu, akanyamaza, akatuacha tuhangaike mpaka ilipotuelea kwamba hana haja na mwezi wa kalenda ya ukutani. "Leo kumi na tano, wanangu. Tumo kwenye bamvua. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tuwe tumeshakaa chomboni, tuteremke na maji. Mchana yatageuka, yaturudishe."

Hayo ndiyo maelezo yote aliyotupa kuhusu safari ya siku moja katika delta ya Rufiji, na sijapata kuona ratiba iliyopangwa vizuri zaidi. Katika pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi za alfajiri na tena saa kumi za jioni. Kati yake, asubuhi ya saa nne hivi, yamekupwa kabisa. Mwenye kuondoka mapema husukumwa na maji yanayotoka hadi kwenye midomo ya bahari, hupumzika wakati mafungu yako wazi na yangeyange wametua juu yake, kisha maji yakijaa humrudisha nyumbani bila ugomvi. Lakini kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na baada ya juma moja, kwenye maji mafu, safari ile ile inabidi ianzie mwisho wake. Mzee hana siku mbili zinazofanana. Vijana wanaopeleka wageni siku hizi wana ratiba moja tu, nayo ni saa tatu, kwa sababu ndiyo saa gari la wageni linapofika kutoka Dar es Salaam. Maji yatoke, maji yaingie, mashine itapambana nayo.

Sitaki kuisema vibaya mashine. Mzee naye anayo, imefungwa nyuma ya chombo, na kwenye mkondo mpana anaiwasha kama mtu yeyote mwenye akili. Ila huizima mapema kuliko unavyotarajia, mara tu mkondo unapoanza kubana, na hapo ndipo hunyanyuka, akauchukua upondo uliolazwa ubavuni, na kazi aliyolelewa nayo ikaanza.

Nitakaa kidogo kwenye upondo, kwa kuwa sijui nitauona tena lini ukitumiwa hivyo. Ni mti wa mkandaa, mnyoofu, umelainishwa na viganja kuliko msasa wowote. Anausimamisha karibu na ubavu wa chombo, anauachia uzame kwa uzito wake, haulazimishi. Ukigusa chini, mikono tayari imeshajua ni nini kilichopo. Mchanga hukwaruza, na mkwaruzo huo hupanda hadi kwenye viwiko. Tope hunyamaza na kunyonya. Magamba ya chaza hugonga. Kisha anaegemea, anatembea hatua mbili tatu kuelekea tezi huku chombo kikiteleza chini ya miguu yake, na kabla ya kuung'oa anauzungusha kidogo, robo tu, ili tope liuachie. Mzunguko huo mdogo ndio siri yote. Kijana aliyekuwa msaidizi wake aliwahi kuuvuta bila kuuzungusha. Tope likaushika, chombo kikaendelea mbele, na yeye akabaki na uamuzi wa kuachia mti au kuanguka nao. Aliachia. Mzee hakusema neno, alirudisha chombo kinyumenyume kwa kafi mpaka tukauokota.

Hata kuusikiliza upondo hakutoshi, maana unakuambia kilicho chini yako sasa hivi tu. Kwa kilicho mbele, mzee huangalia mizizi ya mikoko. Ile mizizi iliyopinda ikajisimika topeni huota chaza mpaka kimo fulani, na juu ya hapo hakuna hata mmoja. Kwenye kila kichochoro anachopita anajua safu ya chaza ikibaki shubiri ngapi juu ya maji ndipo chombo chake kitapita, na ikizidi hapo atageuza. Hatazami saa. Saa anayo, ya fedha, kubwa, aliyopewa na mgeni mmoja wa zamani, lakini haitembei.

Na miti yenyewe ni ramani ya chumvi. Mlilana husimama mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Mkoko hushika kingo za mikondo. Mkandaa na mchu hujikusanya kwa nyuma, na msikundazi wenye mizizi bapa iliyosimama wima ukianza kuonekana, ujue maji baridi hayako mbali. Mahali fulani mzee alichota maji kwa kiganja, akaonja, akatema, akamwambia msaidizi wake ageuze kushoto. Nilimwuliza alichoonja. "Mto," alisema. Wenzangu walikuwa wanapiga picha za furukombe wakati huo, na siwalaumu, furukombe yule alikuwa amekaa pazuri.

Utotoni nilivuka delta hii na mjomba wangu kwenda Mafia, kwa mashua ya tanga. Gati la saruji halikuwepo, na abiria tulipandia topeni, viatu mkononi. Ninachokikumbuka zaidi si bahari, ni kungoja. Chombo kilitia nanga kwenye kijito kabla ya kutoka mlangoni, wanawake wakakoka moto kwenye sufuria la mchanga wakapika wali, na nahodha akalala. Alilala hasa, chali, kichwa amekielekeza omoni, kwenye kivuli cha tanga lililokunjwa. Nilimwuliza mjomba tutaondoka saa ngapi, akaniambia nahodha akiamka. Nani atamwamsha? Mjomba akanyamaza. Baadaye sana, bila upepo wala mtu kugusa kitu, mashua ilianza kuzunguka taratibu kwenye nanga yake, omo ikaacha kutazama bahari ikageukia mto. Maji yalikuwa yamegeuka. Kile kivuli nacho kikasogea, jua likampiga nahodha usoni, akainuka, akafuta macho na kusema watu wajiandae. Kumbe alikuwa amepachagua pale pa kulala. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua nimeona kitu, na katika safari zangu zote za baadaye, za ndege na za mabasi yenye televisheni, sijamwona tena mtu aliyepanga usingizi wake kwa ustadi ule.

Mafundi wa aina hiyo ndio waliojenga miji ambayo tunaiita ya kale na kuwatoza watu kiingilio. Vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na haikufika mjini kwa miguu. Ilikatwa matopeni humu, ikafungwa, ikateremshwa na maji hadi kwenye majahazi, na nyingine zikaenda mbali zaidi, hadi Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti. Mwongoza watalii wa Mji Mkongwe atakueleza milango na misumari yake ya shaba kwa nusu saa. Dari huwa hainui hata macho kuitazama.

Kisa kimoja tu cha historia ndicho kinachosimuliwa kwa kila mgeni wa Rufiji, nacho ni cha manowari ya Wajerumani, Königsberg. Septemba 1914 ilizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja, kisha ikajificha humu ndani. Vijana hukisimulia vizuri, kwa mizinga na moshi. Wana hata video simuni. Mzee hukisimulia kwa namna nyingine, namna inayomhusu yeye. Wajerumani walikuwa wamepima mikondo ya delta miaka michache kabla ya vita. Waingereza walikuwa na ramani za zamani, zilizosema meli ya ukubwa ule haiwezi kuingia. Kwa hiyo waliitafuta baharini kwa majuma mengi, na ilikuwa mtoni. Walipokwisha kuigundua, meli zao kubwa zikashindwa kuifikia, ikabidi zikokotwe hadi huku manowari mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili. Ndege zilizorukia Mafia zikawaelekeza wapige wapi. Julai 11, 1915 mambo yakaisha. Mizinga ya Königsberg ilitolewa ikaenda kupigana nchi kavu, na mmoja unaweza kuuona leo Mombasa. Chuma kilichobaki kilikatwa na kuuzwa, kingine kikamezwa na tope, na mgeni anayelipia kuyaona mabaki huonyeshwa maji. Mzee hupunguza mwendo pale, anasema, "Ramani yao ilikuwa imezeeka," na kuendelea.

Nimelifikiria sana neno hilo, kwa sababu delta haikubali ramani ikae. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji ilihamia matawi ya kaskazini. Ya kusini yakabaki yanategemea bahari. Wakulima wakafuata maji baridi, wakafyeka mikoko, wakapanda mpunga, na mahali mzee alipofundishwa na babake kwamba ni msitu pakawa mashamba yenye madungu ya kuamia ndege. Mwaka 2004 eneo lote hili hadi Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, jambo jema, ila mto haukusomewa barua hiyo. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji huko juu. Umeme wake, megawati 2,115 mitambo yote ikifanya kazi, tunauhitaji, na mimi ninayeandika haya chini ya taa sina haki ya kujifanya siuhitaji. Lakini mchanga unaotua nyuma ya ukuta hauji kujenga mafungu ya milangoni, Msala wala Simba Uranga, na mafuriko hayafiki tena kwa kalenda ile mzee aliyoirithi. Anasema miaka miwili hii amekuwa mwanafunzi upya. Huamka usiku akaenda peke yake kwa mtumbwi, upondo mkononi, kuhakikisha alichokijua bado ni kweli.

Hakuna anayemlipa kwa usiku huo. Nalitaja hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu wanaokuja kuandika miradi ya utalii humwita mzee "hazina", humpiga picha akiwa ameushika upondo wima, na kumlipa posho ya siku, ile ile anayolipwa mpishi. Ufundi wake mwingi hauonekani siku wageni wanapokuwepo. Umo katika siku ambazo hakuna mgeni, alipozunguka kupima kichochoro ambacho huenda mwaka mzima asikipitie. Ukimlipa mtu kwa siku za wageni tu, umelipia mikono ukaacha macho. Mwanawe wa kwanza ana bodaboda Mbagala. Wa pili amesomea utalii, ana cheti, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, na hakuwahi kukaa na babake mtoni misimu miwili mfululizo. Nilimwuliza kwa nini. Akajibu kwa heshima zote kwamba babake hufundisha polepole mno, na kwamba ukimwuliza jambo anakuambia tazama.

Kampuni moja ya safari iliona njia fupi. Ilimtuma kijana na simu yenye programu ya kurekodi njia, akakaa ubavuni mwa mzee kutwa nzima, kila kona ikaingia kwenye kioo kama mstari wa buluu. Mzee hakuficha kitu. Alipita alikopita siku zote, kwa bamvua, chombo chepesi, chaza wakiwa wamezama wote. Mstari haukuandika chaza. Haukuandika mwezi wala uzito wa chombo, na kile kionjo cha maji kwenye kiganja hakikuwa na mahali pa kuingizwa. Wakamshukuru, wakamlipa, na hawakumwita tena, kwa sababu sasa njia walikuwa nayo.

Masika yalipokwisha, mstari wa buluu ulikuwa unakatiza juu ya fungu jipya. Chombo cha kampuni kililipanda fungu hilo mnamo saa nne za asubuhi, kimejaa wageni, maji yakimalizikia kutoka. Kikapwelewa. Wageni walikaa kwenye jua hadi alasiri, kaa wenye gando moja kubwa wakiwapita chini, wavuvi wakiwapungia mikono. Kijana aliisukuma mashine mpaka ikala mchanga na kuzimika. Waliporudi mjini walidai fedha zao, wakarudishiwa. Nimeambiwa kampuni ilifanya kikao, ikaamua kununua mashine yenye nguvu zaidi.