Neno “Mtandao” Limebebeshwa Mzigo Mzito

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na kwa kazi hiyo ulidhihirisha kwamba Kiswahili chaweza kutumika katika programu za kompyuta. Hata hivyo, kutumika ni jambo moja, na kueleweka pasipo utata ni jambo jingine. Katika makala haya tunakusudia kulijadili neno moja tu, nalo ni mtandao.

Tumesoma karatasi ya maelekezo, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ya kuunganisha kompyuta yenye Linux na intaneti nyumbani. Mwalimu mmoja wa Mwanza aliifuata hatua kwa hatua. Waya ulikwisha fika kwake na taa za ruta zilikuwa zikiwaka. Karatasi ilisema: “Hakikisha mtandao upo. Mtandao ukikosekana, wasiliana na mtandao wako.” Aliita kampuni, akangoja siku mbili. Fundi alipofika aliona kwamba laini ni nzima. Kilichokosewa ni anwani ya seva ya majina katika kompyuta. Siku mbili zilipotea kwa ubovu wa istilahi, si kwa ubovu wa waya.

Ikumbukwe kwamba hitilafu ya namna hii hutafutwa kwa kuuliza maswali manne:

(a) Je, kompyuta imepewa anwani na ruta?
(b) Je, ruta inajibu ikiitwa kwa amri ya ping?
(c) Je, mashine iliyo nje inajibu ikiitwa kwa nambari za anwani yake?
(d) Je, inajibu ikiitwa kwa jina?

Swali la (c) likijibiwa ndiyo na la (d) likijibiwa hapana, laini haina kosa. Seva ya majina ndiyo ya kuchunguzwa. Lakini mwenye karatasi ile ataona jibu moja kwa hali zote: “mtandao haupo.”

Wapo watakaosema kwamba watu wamekwisha lizoea neno hili. Sisi hatupingi mazoea ya mazungumzo. Walakini yafaa tujifunze kwa wavuvi wa Ziwa Victoria. Mvuvi hamwambii fundi kwamba “zana imeharibika”, akanyamaza. Hutaja kama ni wavu wa dagaa, ndoana, kasia au injini, maana kila kimoja kina matengenezo yake. Lugha ya kazi hutenganisha mambo pale kazi yenyewe inapoyatenganisha.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi itumike mtandao wa nyumbani kwa mawasiliano ya kompyuta na ruta. Lango kwa njia ya kutokea nje. Intaneti kwa mtandao wa dunia. Seva ya majina kwa mashine inayogeuza majina kuwa anwani. Na kampuni ya huduma kwa anayelipwa kila mwezi. Aidha, tunaunga mkono intaneti ya kasi badala ya tafsiri sisisi zinazotaja upana: upana ni habari ya mhandisi, ilhali mtumiaji huijua kasi.

Karatasi ile ingaliandikwa hivi: “Ruta ikijibu na nambari za nje zikijibu, lakini majina yasijibu, sahihisha anwani ya seva ya majina. Nambari za nje zisipojibu, wasiliana na kampuni ya huduma.” Maneno yameongezeka kidogo, lakini mwalimu wetu asingalingoja siku mbili.