Mstari wa Kilo 2.3

Mwaka 2006 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha matokeo ya jaribio lililoongozwa na Rena Wing wa Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence. Washiriki walikuwa 314, na kazi ya kupunguza uzito walikuwa wameshaimaliza, kila mtu kwa njia yake. Kwa wastani kila mmoja alikuwa ameshuka kilo 19 hivi. Watafiti walitaka kujua jambo ambalo wauzaji wa dawa za kupunguza tumbo hawaligusi kabisa: huyu aliyekwisha kushuka, abaki vipi alipo?

Naliona jaribio hili kuwa la maana kuliko mashauri mengi ya lishe tunayopewa, kwa sababu lilichukulia kutunza uzito kuwa kazi yenye zana zake. Mwili wenyewe unadai hivyo. Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walikadiria kwamba kwa kila kilo inayopungua, mwili hupunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ya kula ikipanda kwa kalori kama 100. Chukua mtu aliyepungua kilo 10: mwili wake unatumia kalori 200 hadi 300 pungufu, na njaa yake inadai karibu 1,000 zaidi. Njaa hiyo si ulafi, na anayemcheka mwenzake kwa kunenepa tena hajui anachokicheka. Lakini jikoni ukweli haukwepeki. Sahani ya zamani ilikuwa ya mwili wa zamani.

Washiriki wa Providence, isipokuwa kundi moja lililotumiwa majarida tu, walifundishwa, kwa intaneti au uso kwa uso, kujipima kila siku na kujiweka kwenye rangi tatu, kama taa za barabarani. Aliyebaki ndani ya kilo 1.4 juu ya uzito wa kuanzia alikuwa kijani, na alipewa vizawadi vidogo vya kumtia moyo. Akivuka hapo aliingia njano: atazame anachokula na anavyotembea, arekebishe mwenyewe. Akifika kilo 2.3 alikuwa nyekundu, na hapo alitakiwa kurudi mara moja kwenye zile mbinu alizotumia kupunguza, mshauri akiwa tayari kumsaidia.

Ufundi wote uko hapo. Uamuzi umeshafanywa mapema, mtu akiwa ametulia, kabla suruali haijaanza kubana. Kilo mbili na ushee zinarekebishika kwa wiki chache. Kilo nane zinakatisha tamaa, na aliyekata tamaa huacha hata kupanda mizani.

Kujipima kila siku kunawatisha wengi, na wana haki kama hawajaelezwa jinsi namba ile inavyocheza. Wanga unaohifadhiwa mwilini hushika maji, kila gramu moja na maji ya gramu kama tatu, na chumvi nayo huzuia maji yake. Umetoka harusini ulikokula pilau na soda mbili; asubuhi unakuta kilo nzima imeongezeka. Si mafuta hayo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori kama 7,700, na huwezi kuzidisha kiasi hicho kwa mlo mmoja wa harusini. Pima saa ile ile, umetoka msalani, hujanywa chai, kisha tazama mwelekeo wa wiki nzima. Aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima au kubugia chakula asiingie kwenye utaratibu huu bila mtaalamu, na mjamzito haumhusu.

Kwenye chakula, kosa la kawaida ni kurudisha kila kitu siku ile lengo linapofikiwa. Mtu aliyekuwa akishuka nusu kilo kwa wiki alikuwa na pengo la kalori kama 550 kwa siku, na pengo hilo lazima lizibwe, la sivyo ataendelea kukonda. Lizibwe kidogo kidogo: kalori 100 hadi 150 kwa siku, usikilize mizani wiki mbili, kisha uongeze tena. Kiasi hicho ni kidogo kuliko tunavyodhani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori kama 120. Nyongeza yote inaweza kuishia kwenye kikaango kabla hujapakua. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja na vijiko vidogo vitatu vya sukari, vinafika hapo hapo. Mimi ningeitoa nyongeza hiyo kwenye maharage au samaki, vitu vinavyokaa tumboni.

Mazoezi nayo hubadilika kazi. Mwaka 1994 Wing na James Hill walianzisha daftari la kitaifa la Wamarekani waliopungua angalau kilo 13.6 na kukaa mwaka au zaidi bila kuzirudisha. Asilimia 90 ya walioandikishwa walisema wanafanya mazoezi, kwa wastani kama saa moja kwa siku, na wengi wao hutembea tu. Hayo ni maelezo yao wenyewe, hivyo hayathibitishi chanzo. Lakini washindani 14 wa The Biggest Loser, kipindi cha televisheni cha kushindania kupunguza uzito, walipopimwa miaka sita baada ya mashindano, waliofanikiwa kubaki chini walikuwa wameongeza mwendo kwa asilimia 160 kuliko awali. Waliorudi juu, asilimia 34.

Baada ya miezi 18, katika kundi la Providence lililotumiwa majarida tu, asilimia 72 walikuwa wameuvuka mstari wa kilo 2.3. Waliofundishwa kwa intaneti walikuwa asilimia 55, na waliokutana uso kwa uso asilimia 46. Wastani wa kilo zilizorudi unaonyesha zaidi: 4.9, 4.7 na 2.5. Rangi zilikuwa zile zile na somo lile lile, lakini kundi la intaneti kwa wastani lilinenepa karibu sawa na lile lisilofundishwa.

Kilichosaidia zaidi ni kukutana uso kwa uso, na vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam na Nairobi vina tayari watu wanaofahamiana na asubuhi yao ya wiki. Kilichobaki ni kuulizana rangi, pamoja na kilomita. Vikao vya Providence vilikuwa vya kila wiki mwezi wa kwanza, kisha mara moja kwa mwezi, ratiba ambayo kikundi chochote kinaimudu.