Kabaila na Farasi Wake

Miongoni mwa makabaila wa Uingereza wa karne ya kumi na saba, William Cavendish, Duke wa Newcastle, alijaaliwa mengi: alikuwa jemadari wa Mfalme Charles wa Kwanza, mlezi wa mwana mrithi wa kiti, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha, na mfadhili wa mwandishi Ben Jonson. Lakini mimi nikimkumbuka, simwoni vitani, wala barazani kwa mfalme, wala penye mchezo. Namwona uwanjani, hatamu mkononi, akimfunza farasi.

Jioni ya tarehe 2 Julai 1644, katika vita vya mfalme na Bunge, kwenye uwanda wa Marston Moor, jeshi lake lilivunjwa katika muda mfupi, na askari wake wa makoti meupe, waliokataa kusalimu amri, wakauawa karibu wote. Akapanda chombo katika bandari ya Scarborough, akaenda ughaibuni, na milki zake nyuma zikatwaliwa. Hata mwisho akatua katika mji wa Antwerp, akapanga nyumba ya marehemu Rubens, mchoraji mashuhuri, akaishi kwa kukopa. Na hapo, katika dhiki hiyo, akaanzisha chuo cha farasi, na mwaka 1658 akatoa kitabu kikubwa chenye michoro ya fahari, kinachoeleza namna ya kumfunza mnyama huyo.

Nauhusudu ufundi huu kwa kuwa hauna njia ya mkato. Cavendish aliamini kuwa farasi ana akili na kumbukumbu, na kuwa somo humkaa kwa kukaririwa, leo kama jana, hata mguu ukajua pa kukanyaga kabla hatamu haijavutwa. Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa, alimwandikia waraka mwaka 1646 akishikilia kuwa wanyama hawana fikira. Wala kabaila hakukinai, kwani yeye kila asubuhi alilikuta kwa farasi lile alilolipanda jana, na mkono ulioshuhudia hivyo haukanushiki kwa hoja za kalamu.

Aliporejea kwao mwaka 1660, mwaka uleule aliorejea yule mwana mrithi ambaye yeye alimfundisha kupanda farasi utotoni, sasa akiwa mfalme, kabaila hakupata sauti kubwa katika dola. Akajitenga katika makao yake ya Welbeck, na mwaka 1667, umri umepita miaka sabini, akatoa kitabu cha pili juu ya ufundi uleule. Milki ilimtoka kwa jioni moja. Maarifa yaliyoingia mkononi mwake kidogo kidogo hayakupata adui wa kuyateka.