Akaunti ya Kuazima: Jinsi Waandishi wa Thika Road Walivyojenga Kazi

Ukitaka kuelewa vijana wa Kenya walivyogeuza uandishi wa kukodiwa mtandaoni kuwa ajira, kalamu iache kwanza, uitazame akaunti. Wengi waliowahi kuijadili biashara hii wameishia kwenye maadili, na wana haki: sehemu kubwa yake ilikuwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha, nao wakaziwasilisha kwa majina yao. Huo ni udanganyifu na sitaupaka rangi. Hata hivyo, waandishi wengi wanaoandika leo kwa halali, wakiwa na wateja wao na bei zao, walilelewa na mpangilio ule ule. Mpangilio huo ulifanyaje kazi, na kwa nini wengine walitoka nao mbele huku wengine wakibaki mikono mitupu?

Mazingira yalijipanga katika miaka michache tu. M-Pesa ilianza 2007. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa kupitia baharini, na nchi iliyokuwa ikitegemea setilaiti ikaanza kupata intaneti ya kasi. Vyuo vikuu vilikuwa vikipokea wanafunzi kwa wingi na kuwatoa kwa wingi, kazi za ofisini zikiwa haba. Vijana hao walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na kuandikishwa insha za mtihani mwaka baada ya mwaka. Karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Jomo Kenyatta kule Juja, kwenye vyumba vya kupanga vya Kahawa, Roysambu na Juja penyewe kando ya Thika Road, mtu mwenye laptopu na jirani wa kugawana naye wifi alikuwa ameshakamilisha vifaa vya kazi.

Kulikuwa pia na saa. Majira ya baridi ya Marekani, Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane. Mwanafunzi anayekumbuka kazi yake saa kumi na mbili jioni, akitakiwa kuiwasilisha kabla ya saa sita usiku, anamkuta mwandishi wa Juja saa nane za usiku, na mwandishi huyo ana hadi saa mbili asubuhi kumaliza. Ndiyo maana kazi hii ilikuwa ya usiku, na ndiyo maana wazazi wengi hawakuielewa. Kijana analala mchana kutwa, halafu mwisho wa mwezi ndiye anayelipa kodi ya nyumba.

Oda yenyewe ilikuwa na umbo lake. Ukurasa mmoja ulihesabiwa kuwa maneno 275, mistari ikiachiana nafasi mbili. Oda ya kurasa sita ni maneno 1,650. Uuguzi ulikuwa na oda tele, na oda ya uuguzi ilikuja na masharti yake: marejeo kwa mtindo wa APA, makala za kitaaluma zisizozidi umri wa miaka mitano, na karatasi ya alama ya mwalimu ikionyesha kila kipengele kina pointi ngapi. Mwandishi mzoefu aliisoma karatasi hiyo kabla ya swali lenyewe. Alama zikiwa nyingi kwenye uchambuzi wa ushahidi, hapo ndipo alipomwaga maneno. Utangulizi ulipata aya moja fupi, basi. Huo ni ustadi halisi. Anayeweza kulisoma hitaji la mteja asiyemjua, kwenye somo asilolisomea, na kulijibu ndani ya saa sita, ameshapita nusu ya safari ya uandishi wa kibiashara.

Sasa turudi kwenye akaunti. Tovuti za insha, kama zilivyo tovuti zote za kazi za mtandaoni, huwapanga waandishi kwa nyota na kwa idadi ya oda zilizokamilika. Mwenye nyota nyingi huona oda nono kwanza. Mgeni hupewa makombo, na tovuti nyingine zilipoona Wakenya wamezidi ziliwafungia mlango kabisa. Sifa ikawa mali, na mali ikapata soko. Akaunti iliyojaa nyota ilinunuliwa, ikakodishwa, ikarithishwa kwa mdogo wake mtu. Bei ilitegemea historia yake: oda ngapi, nyota ngapi, imesajiliwa nchi gani.

Uhusiano uliozaliwa hapo unafanana na ule wa matatu. Mwenye akaunti ndiye mwenye gari, mwandishi ni dereva, na fungu la mwenye gari hutoka kwanza. Tuseme mteja amelipa dola 20 kwa ukurasa, tovuti ikabaki na nusu, na mwenye akaunti akampa mwandishi dola 4. Zile kurasa sita za uuguzi zinamletea mwandishi dola 24, ambazo kwa viwango vya katikati ya miaka ya 2010 zilikuwa kama shilingi 2,400 kwa usiku mmoja. Kwa mhitimu aliyekaa mwaka mzima akisambaza barua za maombi ya kazi, hizo si pesa za kudharau. Ila angalia ni nani aliyebaki na nyota asubuhi. Insha imesifiwa, mteja ameridhika, na sifa yote imeingia kwenye jina ambalo mwandishi hana.

Vikundi vya Facebook na WhatsApp, na baadaye Telegram, ndivyo vilivyoushika mfumo huu usisambaratike. Ujumbe wa kawaida ulisomeka hivi: “Wakuu, kuna oda ya kurasa sita, nesing, APA, dedilaini saa mbili asubuhi. Nani yuko macho?” Jibu likaja ndani ya dakika: “Nipe mimi, mkuu. Ile ya jana nishatuma.” Mazungumzo mafupi kama hayo yalibeba kazi tatu ambazo kwenye kampuni zingekuwa na idara zake. Kwanza ugawaji wa kazi, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kubeba msimu wa mitihani wa Desemba na Mei peke yake. Kisha ukaguzi: mwenzako anaipitia rasimu, mwenye programu ya Turnitin anakuangalizia kama umenakili, anayejua takwimu anakutengenezea jedwali. La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kumbukumbu ya pamoja. Kikundi kilijua mwenye akaunti gani hulipa tarehe 5 kama alivyoahidi na yupi huzima simu. Pasipo mkataba, pasipo mahakama inayoweza kushughulikia deni la dola 60, orodha ya wasiolipa iliyozungushwa kikundini ndiyo iliyokuwa sheria.

Hapa nina neno la kuwasifu waanzilishi wa vikundi hivyo. Wengi wao hawakuwa waandishi bora. Walikuwa wahariri wazuri wa watu: walijua nani apewe oda ya fasihi, nani asiguse hesabu, nani anahitaji kupigiwa simu saa kumi alfajiri kuhakikisha hajasinzia.

Ufa ulikuwa mle mle kwenye akaunti. Mikono mitano ikiandika kwa jina moja, mteja wa mara kwa mara hugundua. Jana mwandishi wake alikuwa na sentensi fupi kavu, leo anamwaga visawe. Tovuti nazo zilifuatilia akaunti inafunguliwa kutoka wapi, na kuingia kutoka mahali pawili tofauti usiku mmoja kulitosha kuifunga. Ilipofungwa, salio lililokuwa ndani lilizama nayo. Mwenye akaunti alipata hasara, ndiyo, lakini mwandishi ndiye aliyekuwa hana hata pa kulalamika. Angejitambulisha kama nani?

Hasara nyingine ilikuja kimyakimya. Mtu aliyeandika insha kwa miaka alikuwa hana sampuli hata moja ya kumwonyesha mteja halali. Kazi zake zote zilikuwa za siri na zote zilikuwa za watu wengine. Alipofungua wasifu wake mwenyewe kwenye tovuti za kazi halali kama Upwork au Fiverr, alianza sifuri sawa na mtu aliyejifunza kuchapa juzi.

Waliovuka walifanya mambo mawili, na yote yaliwezekana kwa sababu kikundi kilikuwepo. Jambo la kwanza, walichagua uwanja na kuandika sampuli bure kwa jina lao: aliyesomea uuguzi akaandika makala za afya kwa wasomaji wa kawaida, aliyesomea kilimo akaandika juu ya parachichi za Murang’a na masoko yake ya nje. Wenzao kikundini wakazihariri kwa ukali ule ule uliozoeleka kwenye oda. Jambo la pili, walipata mteja wa kwanza kutoka kwa mwenzao aliyezidiwa na kazi. Mtu ana mteja anayetaka makala nane kwa mwezi na yeye anaweza nne. Anamtambulisha mwenzake kwa jina lake halisi, si kwa akaunti. Tofauti inaonekana ndogo. Ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kwa sababu nyota sasa zinaanguka kwenye kapu la aliyezitolea jasho.

Hesabu za ada zinaeleza kwa nini mteja mmoja wa kudumu alikuwa na thamani kuliko oda nyingi. Kuanzia 2016 Upwork ilikata asilimia 20 kwa dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, asilimia 10 hadi dola 10,000, na asilimia 5 baada ya hapo. Fanya hesabu. Wateja ishirini wa dola 500 kila mmoja wanakuletea dola 10,000, na ada inakula 2,000. Mteja mmoja aliyekulipa dola hizo hizo 10,000 anakugharimu dola 100 kwenye 500 za kwanza na 950 kwenye zilizobaki, jumla 1,050. Aliyezoea kukimbizana na oda za usiku mmoja alikuwa akilipia mazoea yake karibu mara mbili. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikaweka asilimia 10 kwa mikataba mipya, faida hiyo ikatoweka, lakini waliokuwa wamejifunza kutunza mteja walikuwa wameshajifunza.

Mlango wa insha ulianza kufungwa kwa sheria. Australia ilipitisha sheria yake 2020, yenye kifungo cha hadi miaka miwili kwa anayeuza kazi za udanganyifu wa kitaaluma, na England ikafuata 2022. Sheria hizo zinamlenga muuzaji na mtangazaji, mwanafunzi ameachiwa chuo chake. Kilichouma zaidi ni ChatGPT, iliyotoka Novemba 2022. Mwanafunzi aliyekuwa akilipa kwa ukurasa alipata kitu kinachomwandikia bure wakati wowote, pasipo kusubiri Juja iamke.

Waliokuwa wamevuka nao waliguswa, kwa njia nyingine. Wateja walianza kupitisha makala kwenye programu za kubaini maandishi ya akili unde, na programu hizo zina upendeleo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2023 ulijaribu vibaini kadhaa kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Mkenya aliyefunzwa Kiingereza safi cha mtihani, chenye viunganishi vilivyopangwa na msamiati wa darasani, anaangukia humo kwa urahisi. Kinga iliyosambaa ni kuandika kwenye hati inayohifadhi historia ya mabadiliko, ili mteja akiuliza aonyeshwe rasimu ilivyokua sentensi kwa sentensi.

Mwaka 2024 ilitoka filamu ya The Shadow Scholars, iliyoongozwa na Eloïse King, ikimfuata Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, akizungumza na waandishi hawa wa insha. Filamu ililazimika kuzificha nyuso zao kwa sura zilizotengenezwa na kompyuta. Sikushangaa. Watu waliojenga ujuzi wote ule hawakuweza hata kuonekana wakiuzungumzia.

Ndiyo maana wengi wenye wateja wao wenyewe sasa huweka mambo manne kwenye barua ya makubaliano kabla ya kuandika neno la kwanza: nusu ya malipo mbele, marekebisho yasiyozidi mawili, tarehe ya kulipwa nusu ya pili, na ruhusa ya kuionyesha kazi kama sampuli hata pale makala itakapotoka kwa jina la kampuni. Mteja akipiga hesabu na kutaka kupunguza, watakubali kujadili bei na tarehe. Hicho kipengele cha nne hawakigusi.