Meza ya Lubaina Himid

Mwaka 2017 Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya kisasa inayozua ubishi kuliko zote Uingereza, ilihamishiwa Hull, mji wa bandari uliokuwa Mji wa Utamaduni mwaka ule. Kazi za wasanii wanne walioteuliwa zilipangwa Ferens, jumba la sanaa la mji. Aliyeshinda ni Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa 1954 aliyepelekwa Uingereza akiwa kichanga. Alikuwa na miaka 63, na ukomo wa umri wa miaka 50 ulikuwa umeondolewa mwaka huohuo. Umri wake na rangi yake vilizungumzwa sana. Mimi nataka kuutazama mkono wake.

Kazi iliyonishika ni Swallow Hard: The Lancaster Dinner Service, vyombo 100 vya mezani: sahani, majagi, mabakuli ya supu yenye vifuniko. Himid hakufinyanga hata kimoja. Alinunua vyombo vilivyokwisha kutumika, akavipaka rangi ya akriliki juu ya mapambo yaliyokuwapo. Ufundi uko katika alichokiacha. Ukingo wa sahani unabaki na maua yake ya kiwandani, na katikati inachomoza sura ya mtumishi Mweusi, ametulia, anakutazama. Kwenye vyombo vingine mabwana wa Kiingereza wanatapika. Akriliki haichomwi tanuruni; inakaa juu ya mng'ao wa sahani bila kuingia ndani. Fundi wa vyombo angesema kazi imeharibiwa, maana sahani hiyo haifai tena kulia chakula wala haisuguliki. Lakini angeichoma rangi ikashikamana na chombo, tungeona pambo moja tu. Hivi ilivyo tunaona mawili, la pili limelikalia la kwanza bila kulifuta.

Lancaster ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za biashara ya watumwa Uingereza katika karne ya 18. Vyombo vilionyeshwa kwanza mjini humo mwaka 2007, miaka 200 baada ya sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo, ndani ya Judges' Lodgings, nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Humo vilikuwa kwao: mgeni alijihisi kaingia chumba cha kulia cha watu bila kubisha hodi. Ferens havikuwa na nyumba hiyo ya kuvisindikiza, na nadhani hofu ile ilipungua. Badala yake vilipata mji aliozaliwa William Wilberforce, mbunge aliyeipigania sheria yenyewe, na wale mabwana wanaotapika wakapata sababu ya pili ya kuumwa tumbo.

Kiingereza cha jina la kazi hii kinatuamuru tumeze kwa shida. Kwetu neno meza ni fanicha na ni amri pia, kwa hiyo Kiswahili kinaubeba mzaha wote kwa neno moja. Na aliyekulia nyumba ya Pwani yenye sahani za Kichina zidakani hahitaji kuelezwa kwamba sahani tupu nayo husema mwenye nyumba ni nani.

Kazi yake nyingine, A Fashionable Marriage, ya 1986, imejengwa juu ya mchoro wa William Hogarth wa karne ya 18. Himid alisomea usanifu wa jukwaa, na inaonekana: watu wake ni mbao zilizokatwa kwa umbo la mwili na kusimamishwa kama mapambo ya tamthilia, Thatcher na Reagan wakiwemo. Vichekesho vyake vimezeeka. Asiyeijua siasa ya miaka ile anahitaji mkalimani.

Kurasa za gazeti la The Guardian alizozipaka rangi zina nguvu zaidi. Himid alizikusanya kwa miaka kadhaa kuanzia 2007, akitafuta picha ya mtu Mweusi iliyokaa jirani na kichwa cha habari kisichomhusu lakini kinachomchafua. Sehemu ya ukurasa anaifunika kwa rangi na marembo, maneno machache anayaacha wazi. Mimi naona kanga: pindo, mji, na jina lililosalia chini kusema na atakayepita. Sijiotei tu, maana Himid amechora kazi nyingine kwa mfano wa kanga zenyewe. Rudi sasa kwenye sahani, ukingo wake na sura ya katikati, utaliona pindo na mji humohumo.

Tuzo ilikuwa paundi 25,000. Kwa vyombo vile 100 peke yake, alistahili.