Farasi wa Telki Havuki Mkata

Ukiulizia farasi wa kupanda Kilosa au Mikumi, utaonyeshwa punda, tena wa mizigo. Nchi yenyewe ilishamkataa farasi zamani, na kisa kinachonifundisha zaidi ni cha msafara wa msafiri Henry Morton Stanley.

Aliondoka Bagamoyo Machi 21, 1871, masika yakiingia, msafara wake wote ukiwa na farasi 2 na punda 27. Farasi hakuwanunua. Yule wa kijivu, wa Kiarabu, alikuwa zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja. Wa pili alipewa na mfanyabiashara wa Kimarekani. Walikuwa wa mbegu nzuri, na hawakuiona Kilosa: walifia kijijini Kingaru, wakipishana saa 15 hivi. Stanley alimpasua wa kijivu, akakuta minyoo mifupi minene 25 imeng'ang'ania ukuta wa tumbo kama ruba, akahukumu kuwa ndiyo iliyomwua. Wa pili akasema ni saratani.

Hukumu hiyo mimi siipokei. Minyoo aliyoieleza inafanana mno na funza wa tumboni, ambao farasi huishi nao bila kufa. Wawili kuanguka karibu pamoja, kwenye mvua, muda mfupi baada ya kuingia bara, kunanifanya nishuku virusi vya homa ya farasi vinavyoenezwa na usubi. Pundamilia hukaa navyo bila kuugua, na punda wa Afrika mara nyingi vivyo hivyo. Farasi mgeni huweza kufa ndani ya siku chache. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ingechelewa zaidi, kwani kwa kawaida humkondesha mnyama kwanza.

Punda walifika mbali kuliko farasi, mpaka tambarare ya Mkata, Kilosa yenyewe. Huko, katika maji na matope, walianza kufa wawili watatu kwa siku mpaka wakabaki 5, tena hoi. Hapo lawama naigawa: mizigo, tope, na mbung'o.

Kwa mnunuzi wa leo, basi, asili ya mnyama itangulie mwendo wake. Telki ni mwendo mtamu: kwato nne zinatua moja moja, mpandaji harushwi, na punda weupe wa Maskati walithaminiwa Unguja kwa ajili ya kupandwa. Lakini Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ina mbung'o, nyati na pundamilia, na hao hawasomi mipaka. Punda aliyekulia kwa wafugaji wa Kiparakuyo wa Kilosa namwamini kuliko aliyeshushwa jana kutoka nyanda za juu, hata huyu akiwa na hatua nzuri zaidi.

Muulize muuzaji punda alilishwa wapi kiangazi kilichopita, na sindano ya nagana alichomwa lini. Aliyechomwa juzi anaweza kuonekana mzima mnadani na akaanguka baadaye. Geuza ukope: utando ukiwa mweupe, damu imepungua. Papasa chini ya tumbo. Ukibonyeza na kidole kikaacha shimo, kuna maji. Ndipo umwambie amtembeze barabarani bila mzigo, na uangalie kama ukwato wa nyuma unafika kwenye alama ya ule wa mbele au unaburuzwa.