Koki Imo Mikononi mwa Nani?

Uhakiki wa kitabu The End of Iraq, cha Peter W. Galbraith (Simon & Schuster, 2006)

Wengi wetu tulioko Ulaya tunakaa mtaa mmoja na Wakurdi. Tunanyolewa katika saluni zao, tunanunua mboga madukani mwao, na tukiwauliza kwao ni wapi, wengi hawasemi Iraki wala Uturuki. Husema Kurdistan. Je, nchi hiyo itapata kuwa dola? Kitabu tunachokizungumzia hapa kilijibu kwamba Iraki imekwisha kuvunjika, na kwamba kilichobaki ni wakubwa kukiri hivyo.

Tuanze na sifa zake, maana anazo. Galbraith hakuandika kwa kusikia. Akiwa mtumishi wa kamati ya Baraza la Seneti la Marekani, mwaka 1987 alipita kaskazini mwa Iraki akaona vijiji vilivyobomolewa, na mwaka 1988 alikwenda mpakani mwa Uturuki kuwasikiliza wakimbizi waliopigwa kwa sumu. Mwaka huo ndio wa kampeni ya Anfal, na ndio wa Halabja, mji uliopoteza watu wapatao 5,000 kwa gesi tarehe 16 Machi. Ukizisoma kurasa hizo huwezi tena kumwambia Mkurdi asahau yaliyopita. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kabla ya hapo, Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia mlango wa kupata dola yao, na ule wa Lausanne wa 1923 ukanyamaza kimya.

Hoja kuu ya mwandishi, hata hivyo, imesimama juu ya katiba ya Iraki ya mwaka 2005, ambayo yeye mwenyewe aliwashauri viongozi wa Kikurdi walipokuwa wakiijadili. Katiba hiyo inaitambua jimbo la Kurdistan, inaliruhusu kuwa na askari wake, na mambo ambayo serikali ya shirikisho haikupewa inayaacha kwa majimbo. Kuhusu mafuta, inataja visima vilivyopo tu, na Wakurdi wakaelewa kwamba visima vipya ni vyao. Kifungu cha 140 kikaahidi kwamba suala la Kirkuk litamalizwa kabla ya mwisho wa 2007.

Hapa ndipo tunapoachana naye. Sisi tuliosomea uhandisi tunajua kwamba ramani ikishapigwa muhuri, nyumba bado haijasimama. Mwaka 2007 ulikwisha na Kirkuk haikupigiwa kura. Tarehe 25 Septemba 2017 Wakurdi wakapiga kura ya maoni, na karibu asilimia 93 wakataka uhuru. Kwa hesabu za kitabu hiki, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini serikali ya Baghdad, ambayo tuliambiwa imekufa, ilizuia ndege za kimataifa zisitue Erbil na Sulaymaniyah, na tarehe 16 Oktoba majeshi yake yakaingia Kirkuk. Vyama viwili vikubwa vya Kikurdi, vilivyopigana vita wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1990, vikaanza kutupiana lawama za usaliti. Dola iliyoharibika siyo dola isiyokuwapo, na kosa la kitabu ni kuchanganya mambo haya mawili.

Halafu kuna bomba. Kurdistan haina pwani. Mafuta yake hupita ardhi ya Uturuki mpaka bandari ya Ceyhan, kwa hiyo koki moja imo mikononi mwa Ankara na nyingine imo mikononi mwa mahakama na hazina ya Baghdad. Mwaka 2014 Baghdad ilikata fungu la bajeti, na tangu hapo walimu wa Sulaymaniyah wamejua maana ya kungoja mshahara miezi kwa miezi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikabatilisha sheria ya mafuta ya Kurdistan. Machi 2023, baada ya uamuzi wa usuluhishi huko Paris, bomba likafungwa. Lilipofunguliwa Septemba 2025, muuzaji wa mafuta alikuwa shirika la serikali ya Baghdad.

Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema, na daftari la mwandishi nalo linatuhusu. Mwaka 2009 magazeti yalifichua kwamba Galbraith alikuwa na maslahi katika kitalu cha mafuta cha Tawke, Kurdistan, kinachoendeshwa na kampuni ya DNO ya Norwe. Alijitetea kwamba alikuwa raia wa kawaida na kwamba Wakurdi walilijua jambo hilo. Huenda Wakurdi walijua. Msomaji aliyekinunua kitabu mwaka 2006 hakuambiwa.

Hatusemi kwamba Wakurdi hawana haki. Haki wanayo. Tunasema kwamba haki peke yake haivuki mipaka ya Uturuki na Iran. Tumeona karibu na kwetu: Sudan Kusini ilipata uhuru mwaka 2011 kwa ridhaa ya Khartoum, na bado Januari 2012 ikafunga visima vyake kwa sababu ya ugomvi juu ya bomba linalopita kaskazini. Ikiwa waliopewa ridhaa walikwama, je, walionyimwa?

Kwa maoni yetu, uhuru wa Kurdistan hauko karibu. Hautakaribia mpaka vyama vyake viwe na jeshi moja na hazina moja, na Baghdad ikubali kuketi mezani. Kitabu kisomwe, hasa kurasa za Anfal, ili tuwaelewe majirani zetu. Kurasa za utabiri zisomwe kwa tahadhari, maana aliyeziandika hakungoja mshahara Sulaymaniyah.